Wazee Walioipa Njia Mgongo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo ikinijia naacha nilichoshika mkononi. Umekuja kuniaga, unasema kesho unakwenda mjini kujitolea kwenye mashindano ya riadha ya mkoa, na fulana umeshapewa. Vizuri sana. Lakini kaa kwanza, chai ipo, na hiyo fulana haitakimbia bila wewe.

Wakati ule Mwingereza bado anatutawala, na Arusha ilikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini pamoja na Moshi na Mbulu. Mimi nilikuwa darasa la nane, mwaka wa mwisho wa shule ya kati, huku huku kwetu magharibi ya Mlima Meru. Nilikuwa nakimbia. Hakuna aliyenifundisha, nilianza kwa kufukuzana na ndama wa marehemu baba, na nilipofika shule mwalimu wetu, Mwalimu Naftali, akaona kwamba miguu hii inaweza kufanya kazi nyingine. Akawa ananiamsha alfajiri, anapanda baiskeli yake, mimi mbele yeye nyuma, mpaka karibu na Ngaramtoni na kurudi. Baiskeli ilichoka kabla yangu, sitanii.

Mwaka huo mashindano ya jimbo yalikuwa yanafanyika Arusha. Katika mbio za nyika, atakayeshika nafasi ya kwanza angepelekwa Dar es Salaam kukimbia na vijana wa majimbo yote. Mmoja tu. Wa pili anapigiwa makofi na kwenda nyumbani. Na mashindano yale yalikuwa ya wanafunzi, kwa hiyo kwangu mimi hapakuwa na mwaka mwingine. Nikimaliza darasa la nane ndiyo basi. Nilitaka nafasi ile, mwanangu. Sijawahi kutaka kitu hivyo tena, na nimeoa, na nimejenga. Mama yangu alikuwa akinisikia usingizini nikitaja Dar es Salaam, mji ambao sikujua hata uko upande gani.

Sasa ninyi mkisikia mashindano mnawaza jukwaa na vipaza sauti. Sisi uwanja ulisawazishwa na watu wa kawaida, waliofunga matawi ya miiba nyuma ya maksai wakayaburuta mpaka nyasi zikalala. Mistari ya kukimbilia ilichorwa kwa majivu. Kila mama alitoa majivu ya jiko lake, wakayachekecha, wakayaleta vichwani mpaka mjini. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza. Kwa sababu ya watu wale mimi siwezi kumcheka mtu anayejitolea, hata akiwa na fulana mpya.

Ilibaki shida moja. Njia ya mbio za nyika ilitoka uwanjani, ikapanda kwenye mashamba ya kahawa na migomba, ikazunguka huku kwetu na kushuka tena mjini. Kona zilikuwa nyingi. Mwaka wa nyuma, huko mashindano yalikofanyika, wakimbiaji walipotea, wengine wakatokea sokoni. Tena saa zile ng'ombe wanapelekwa maji, na ng'ombe akishaingia barabarani hajui mashindano. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu Naftali alisimama kanisani akaomba watu wa kukaa kwenye kona, kuonyesha njia na kuzuia mifugo. Wazee ndio walioinua mikono. Na kweli walifaa, maana mzee akimwambia mtoto azuie ng'ombe, ng'ombe wanazuiwa. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu kona ya mwisho, ile ya kabla ya kuteremka mjini, aliichukua mzee Loishiye.

Mzee Loishiye alikuwa wa rika la baba yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetuchimbia mfereji wa maji, ndiye aliyekwenda kuongea shuleni nisifukuzwe. Nilimwita baba, na hakuna aliyenishangaa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa letu wenyewe, la watu wa huku. Unajua desturi yetu sisi Waarusha, ingawa ninyi siku hizi mnapungia mkono tu na kuendelea na simu zenu. Mtoto ambaye hajaingia jandoni hamwamkii mzee kwa mdomo. Anamwendea, anainamisha kichwa, anangoja. Mzee anamwekea mkono utosini, ndipo mtoto anaondoka. Kumpita mzee wa rika la baba yako bila kumpa kichwa ni kumwambia baba yako hana maana. Na mimi nilikuwa sijaingia jandoni, shule ilikuwa imenichelewesha. Mwalimu alilijua hilo, wazee walilijua, mimi nililijua. Tulilijua tangu tukinyonya, na ndiyo maana hakuna aliyelifikiria.

Basi, filimbi ikalia. Nilitoka vizuri. Tulipofika kwenye migomba nilikuwa mbele, nyuma yangu namsikia kijana mmoja wa Moshi, mrefu, anapumua taratibu. Nikakata kona ya kwanza, namwona mzee amesimama katikati ya njia na fimbo yake. Miguu ikasimama yenyewe. Nikainamisha kichwa, akanigusa, nikaondoka. Kijana wa Moshi alipita huku akisema "Shikamoo, mzee", bila hata kupunguza mwendo. Kwao hilo lilitosha. Nikamkamata tena kwenye mlima, nikampita. Kona ya pili, mzee mwingine. Ya tatu, mwingine. Kila nikimwacha yule kijana, nasimamishwa, ananikuta. Nasikia huko nyuma wenzangu wa shule walifika kwa mzee mmoja kwa mkupuo wakapanga foleni kama watu wa zahanati. Leo nalicheka hilo. Siku ile hapakuwa na kicheko.

Hata hivyo, mwanangu, nilikuwa naweza. Nguvu zilikuwepo. Mpaka nakaribia kona ya mwisho nilikuwa nimemwacha yule kijana mbali kiasi cha kutosikia pumzi zake, na chini kule nauona mji na bendera za uwanjani. Na kwenye kona amesimama mzee Loishiye na shuka lake la Jumapili. Alikuwa amefika hapo tangu asubuhi. Aliponiona niko wa kwanza, uso wake wote ukafunguka.

Nikamwendea, nikainama. Akaniwekea mkono. Lakini yeye hakugusa na kuachia kama wenzake. Yeye alikuwa amebeba baraka nzima. Akaanza kuniombea, akamtaja baba yangu kwa jina, akasema, laiti angemwona leo mwanawe yuko mbele ya jimbo zima. Akataja na rika lao. Akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, kama wanavyofanya wazee wetu, akaendelea kuomba. Tangu baba azikwe hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina lake mbele yangu hivyo. Nililia nikiwa nimeinama vile vile. Mkono ulikuwa mzito na wa moto, na mimi ningeanzaje kuutoa kichwani?

Halafu nikasikia miguu inapita.

Mzee naye aliisikia. Alinyamaza katikati ya neno, mkono ukatoka kichwani. Nilipoinua macho niliuona uso wake, na nisingependa wewe uone uso wa namna ile kwa mtu anayekupenda. Hakuwa amejua, unaelewa? Alidhani mbio ni kufika salama. Nilikimbia mteremko ule mpaka nikaona giza, na yule kijana wa Moshi alivuka mstari wa majivu akiwa hatua chache mbele yangu. Hatua chache tu, mwanangu.

Mwalimu Naftali alinijia amevua kofia, ameikunja yote mkononi. "Nilikuona toka huku. Kwa nini ulisimama pale juu?"

"Alikuwa mzee Loishiye, mwalimu."

Aliikunjua kofia, akaivaa. Naye alikuwa mtoto wa huku. Aliweka mkono begani pangu tukakaa kwenye nyasi, tukitazama yule kijana anavyoshikwa mkono na Bwana Mkubwa wa Kizungu. Sikumchukia kijana yule. Alikimbia mbio zake, na alisema shikamoo.

Jioni, jua halijazama, mzee Loishiye akaja nyumbani. Mama akamletea maziwa, akayakataa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwetu. Akanitazama. "Kwa nini hukunipita?"

"Baba, ningekupitaje?"

"Ndiyo," akasema. "Usingeweza. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo." Kisha akamwambia mama, siyo mimi: "Nilidhani nimekwenda pale kumsaidia. Kumbe nilikwenda anisalimie."

Mama alijaribu kumtuliza, kwamba hiyo ni bahati tu, kwamba mtoto amepata heshima. Mzee akakataa kutulizwa. Alisema heshima ameipata yeye, mtoto amekuwa wa pili. Kisha akaondoka.

Mwaka uliofuata mashindano ya jimbo yalirudi Arusha. Mimi shule nilikuwa nimemaliza, na jandoni nilikuwa nimeshaingia. Angalia mambo yalivyo: sasa kichwa changu hakimngoji mzee yeyote barabarani, na mbio zenyewe si zangu tena. Nikajitolea kwenda kusaidia. Nikamkuta mzee Loishiye amezunguka boma kwa boma akiongea na wazee wenzake kwa wiki nyingi. Wengine walimkasirikia. Mmoja alimwambia mzee hampi mtoto mgongo, ni aibu. Yeye akamjibu, "Aibu ninayo tayari ya mwaka jana. Nisaidie nisipate ya pili."

Asubuhi ya mashindano wazee wote walikwenda kwanza uwanjani. Wakasimama kwenye mstari wa kuanzia, wakimbiaji wakapita mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, wa Moshi na wa Mbulu nao, wengine wakitabasamu kwa sababu hawakuelewa. Kila mmoja aliguswa. Walipomaliza, mzee Loishiye akawaambia, "Hiyo inatosha mpaka jioni. Huko njiani sisi hatupo."

Kisha wakapanda kwenye kona zao. Na mbio zilipoanza, kila mzee aliipa njia mgongo. Alinyoosha fimbo kuonyesha upande wa kwenda, macho yake akayaelekeza kwenye migomba. Mimi nilisimama na mzee Loishiye kwenye kona ile ile, nami nikageuka kama yeye, maana alinitaka nigeuke. Tukangoja. Mbele yetu hakuna kitu ila majani na mbuzi mmoja aliyetutazama kwa mshangao.

Nikasikia miguu inakuja, pekupeku, ya mtu mmoja, nyepesi. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Nilijua kwa mwendo kwamba ni mtoto wa huku, anayejua ule mlima. Ikaja, ikapita nyuma ya mgongo wangu, upepo wake nikausikia shingoni, ikateremka kuelekea mjini bila kukatika.

"Amepita?" mzee akauliza.

"Amepita, baba."

"Hakusimama?"

"Hakusimama."

Akatikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. "Hiyo miguu ingekuwa yako," akasema.

Ilikuwa kweli, na wote wawili tuliijua. Kutoka chini tukasikia uwanja unapiga kelele, na yule mtoto ndiye aliyekwenda Dar es Salaam. Uso wake sikuuona siku ile. Nilijua miguu yake tu.

Umri huu nilio nao, watu huniuliza kama najuta kusimama. Jina la baba yangu nililisikia siku ile, na silirudishi kwa mtu yeyote. Lakini Dar es Salaam ile, ya vijana wa majimbo yote wakiwa mstari mmoja, sikuiona. Nilikwenda miaka mingi baadaye kumpeleka mke wangu kutibiwa, nikakaa hospitali, nikarudi. Yule wa darasa la nane bado yuko pale juu ameinama. Inaniuma, mwanangu, nisikudanganye.

Basi sikia, maana nguo zako hujazipanga na jua linakwenda. Kesho utapewa kona, au ndoo ya maji, au kamba ya kushika. Utampenda mkimbiaji mmoja, pengine mtoto wa jirani. Utataka akuone. Utataka asimame kwako kidogo, akushukuru, mpige na picha. Usimsimamishe. Mpe maji anayeyataka na uondoe mkono. Na usidhani nasema ya riadha peke yake. Utamsomesha mtu, utamwuguza mtu, utamtafutia mtu kazi. Mwombee mapema, kwenye mstari wa kuanzia, umalize yote uliyo nayo moyoni. Akishaanza kukimbia, geuka utazame migomba. Itakuwia vigumu. Mzee wangu alilia pale, na alikuwa mtu mgumu.

Haya, njoo. Inama. Najua umri wako umepita, inama tu, mkono wangu unautaka utosi huu. Mungu akutangulie barabarani, akupe macho ya kuona njia na moyo wa kuwaonyesha wengine. Miguu yako isichoke kabla ya kazi. Wale utakaowasaidia wafike, hata wasipokujua jina. Na babu yako mzee Loishiye, baba yake baba yako, aliyechimba mfereji na kusimama kwenye kona ile na shuka lake la Jumapili, akutazame popote alipo.

Nimemaliza. Inua kichwa. Kesho asubuhi ukipita hapa nje na wenzako utanikuta kwenye kahawa zangu, nimeipa njia mgongo. Usinisalimie. Wewe pita.