Mende wa Mama

Tulipopoteza ng'ombe wetu wote kule Ainabkoi kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, mama aliapa hatafuga tena, hata kuku. Miaka ikapita, tukiwa tumepanga nyumba Eldoret, nikaanza kufuga buibui wakubwa wenye manyoya. Hao wanakula mende, kwa hivyo nikaleta mende pia, wale wasiopanda ukuta, nikawaweka kwenye beseni lenye trei za mayai. Majirani walisema nimerogwa. Shauri yao! Kilichoniudhi mimi ni kwamba mende wenyewe walikataa kuzaa.

"Si wanasikia baridi!" mama akanifokea, kana kwamba nimefungia mtoto nje. Akasogeza beseni karibu na jiko, akawapa maganda ya karoti. Siku moja nikitoka kazini nilimkuta mlangoni akiwaita majirani wale wale: "Kujeni muone, wamezaa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jioni nikachukua mende mmoja mnono nimlishe buibui. Mama akanishika mkono.

"Wewe! Huyo ni jike. Nani anachinja jike? Chukua dume."