Ufundi wa Mkadam

Mkadam, jirani yetu wa mtaa wa Mpendae, alikuwa karani bandarini, na tangu astaafu hakuna kitu asichokijua. Mfereji wa jikoni kwake ulikuwa ukivuja kwa wiki ya pili, na Jumatano mkewe, Biasha, akataka aitwe fundi. Mkadam aliona ametukanwa. Akanunua spana mpya, akavaa buti za mvua, akajifungia jikoni asubuhi nzima. Sisi majirani tulimsikia akiutukana ule mfereji mpaka wazazi wake.

Alipotoka alituita tukaone. Kweli, halikudondoka hata tone. Akaenda barazani na mpira mkongwe wa kuzuia maji aliouchomoa ndani ya mfereji, akawaonyesha watu, akaeleza namna mafundi wa siku hizi wanavyotuibia. Hakuna aliyemkumbusha kuwa maji yalikuwa yamekatika tangu Jumatatu. Mimi nilikumbuka, nikanyamaza makusudi. Raha ile sikutaka kuikosa.

Biasha raha hakuwa nayo. Ijumaa ilikuwa khitma ya marehemu mama yake, watu sitini, na maji ya mtaa wetu huja Jumatatu na Alkhamisi asubuhi, kwa saa mbili tu. Tangi lisipojaa saa hizo, wageni hawana maji ya udhu wala ya kunawa mikono.

Alkhamisi maji yakaja kwa kishindo. Kichwa cha mfereji kikaruka, maji yakapiga dari, na Mkadam akajaribu kuyazuia kwa viganja huku akiomba aletewe kitambaa, kizibo, chochote. Mpaka Biasha anarudi kutoka sokoni, saa nzima ya maji ilikuwa imeshamwagika uani. Alikwenda moja kwa moja kufunga koki ya nje, akarudi, akampokonya spana. Mpira mpya alioununua Mkadam ulikuwa mezani, ndani ya kipakiti chake, hakijafunguliwa. Akautia, akakikaza kichwa, akafungua koki. Tangi likafika nusu, maji yakakatika.

Mkadam alikaa juu ya ndoo, amerowa chapachapa, akamwomba mkewe kwa sauti ndogo kwamba wageni wasijue.

"Mie sisemi kitu, baba Ummy," Biasha alimjibu. "Kesho wewe ndo utakaa mlangoni, uwagawie maji ya udhu kopo moja moja. Wakiuliza kwa nini, waeleze ufundi wako."