Shemeji Gundi na Ufunguo Uliokatika

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani anaitwa Gundi, na jina hilo amelitolea jasho. Katika nyumba ile hakuna kitu kinachoruhusiwa kufa. Kikombe kikipasuka, anakiunga. Sahani, soli ya kandambili, mguu wa kiti, mkono wa miwani yake: vyote vimepita mikononi mwake na vyote vina kovu. Ukikaribishwa chai kwao, omba na kitambaa, maana vikombe vinavuja.

Asubuhi ya dada kwenda kutolewa mtoto wa jicho, Gundi alikataa katakata habari za teksi. Mkewe atampeleka mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Dada alikuwa ameingoja nafasi ile muda mrefu, huku dunia ikimfifia mpaka akawa ananijua kwa sauti tu, na muuguzi alishaonya kwenye simu kwamba atakayechelewa atampisha mwingine na kurudi mwisho wa foleni. Tukapanda, dada nyuma na gauni lake la heshima. Gundi akachomeka ufunguo, akazungusha, na kichwa cha ufunguo kikabaki mkononi mwake. Kipande kingine kikabaki ndani ya swichi, kimetulia kama mgeni aliyeipenda nyumba.

Ungedhani sasa angeita fundi. Thubutu! Aliniomba kibanio changu cha nyusi, akachokoa kwa ustadi mkubwa mpaka kipande kikazama zaidi. Nikamwambia nimewahi kuona fundi wa funguo akitia mafuta kwanza, kisha akapitisha waya mwembamba wenye ndoano ubavuni mwa ufunguo na kuuvuta taratibu. Akaniuliza nimesomea wapi. Halafu akatoa mfukoni, nadhani mnajua nini. Akapaka gundi kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, akaigusisha kwenye kipande, akasubiri, akavuta. Njiti ikakatika. Sasa swichi ilikuwa na ufunguo, njiti na gundi. Ilikosa chumvi tu.

"Bado kidogo," akamwambia mkewe.

Dada hakuona kitu, ila pua yake ilikuwa nzima. "Baba watoto, hiyo si harufu ya gundi?"

Nilishuka kwa hasira. Nikasimamisha pikapu ya jirani muuza mkaa, nikampakia dada mbele, nami nikakaa nyuma juu ya magunia, tukamwacha bingwa na swichi yake. Tulifika muuguzi akiwa ameshafungua mdomo kumwita mwingine.

Kesho yake, bandeji ilipotolewa, nikamrudisha dada nyumbani. Uani tulimkuta fundi wa funguo ameing'oa swichi nzima, anaitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa marehemu. Gundi akakimbilia jikoni kutuandalia chai.

Dada alikipokea kikombe chake, akakigeuza. Akatazama kabatini. Akainuka, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: bakuli, birika, sahani walizopewa siku ya harusi. Nikakaa vizuri nifurahi. Hatimaye atamwambia.

"Hivi vyote vilivunjika lini?" akauliza.

Gundi akapangusa meza iliyokuwa safi. Akasema vitu huvunjika tu.

"Nilikuwa nasikia kitu kinaanguka, nakuuliza, unasema ni paka wa jirani."

Jirani hafugi paka. Ana mbwa.

"Ni mimi?" dada akasema. "Na ufunguo?"

Gundi akajikuna shingo. Akaeleza kwamba ufunguo ulipata ufa siku dada alipoutumia kubandulia kifuniko cha kopo la maziwa, akidhani ameshika kijiko. Hakutaka mkewe aone haya. Akauziba ufa, akaomba Mungu.

Dada alimtazama usoni kwa lile jicho jipya, muda mrefu, mpaka mimi nikaona aibu kuwapo.

"Umezeeka," akamwambia. "Jicho la pili utanipeleka wewe. Kwa teksi."

Chai ilikuwa inanidondokea magotini. Nikainywa bila kuomba kitambaa.