Mlango wa Mbele wa Immakulata

Mwaka 1992 iliposikika kwamba Immakulata, mjane muuza maharage, anajenga nyumba yenye matao hapa Kasulu, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Matao! Wenzake wanahangaika na bati.

Lakini ujana wake aliumalizia Bujumbura, akisugua sakafu za hoteli kubwa ya Wabelgiji, kabla hajakimbilia huku wakati wa mauaji ya mwaka 1972. Akianza kuisimulia hoteli ile, chai yako inapoa: baraza pana lililoizunguka yote ili jua lisiguse kuta, nguzo nyeupe, dari la juu hata joto likakosa pa kukaa.

"Immakulata, hebu pumua," nilikuwa namwambia.

Basi akachoma matofali msimu baada ya msimu, akamchorea fundi Ndayisaba ardhini kwa kijiti, naye akafuata mchoro bila kuuliza, na matao yakasimama. Mimi Mwajabu, jirani yake, wivu ulinibana hata sikusogea karibu kuitazama, nasema kweli.

Siku ya kuhamia tulikwenda kama ilivyo desturi ya kwao Burundi: wageni huja na pombe ya ndizi, mwenye nyumba huingia wa kwanza. Mimi nilibeba sukari yangu. Tukapanda barazani kwa vigelegele, tukatafuta mlango. Hamna. Dirisha, ukuta, dirisha tena.

"Uko nyuma, karibu na jiko," alisema, akitushangaa.

"Nyumba gani hii isiyo na mlango wa mbele?"

"Mbele ni pa wageni wakubwa. Sisi wafanyakazi tulipitia nyuma."

Akasikia alichosema. Akaketi kwenye ngazi.

"Mawe, mama yangu! Nimemjengea bwana mkubwa mwingine," akasema, akaanza kulia.

Hakuna aliyecheka. Ndayisaba aliweka kibuyu chake cha pombe chini, akaagiza nyundo na tindo.

"Usilie, mama. Linta ya dirisha ipo, itaubeba ukuta wa juu. Tunavunja chini yake tu."

Wanaume wakapokezana nyundo, sisi tukabeba vipande vya matofali, kanga zetu za sherehe zikawa nyekundu kwa vumbi. Mungu awabariki watu wale. Nani huvunja ukuta wa jirani siku ya sherehe, tena kwa kuimba?

Uwazi ulipofika sakafuni, Immakulata alinawa miguu, akasimama kizingitini, akageuka kutazama kama yupo wa kumzuia.

"Pita, mama," alisema Ndayisaba.

Akapita. Tukasikia nyayo zake zikizunguka vyumba vyote, polepole. Kisha akarudi, akasimama katikati ya mlango, uso umelowa.

"Murakoze, wanangu. Asanteni sana," alisema. "Karibuni kwangu."