Majani Niliyoyageuza Chini ya Taa

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na ufagio wangu kutoka nyumbani Kisenyi, hapa Kampala, maana nilijua nimeajiriwa kufagia. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, kazi zilikuwa haba, na mimi shule niliiachia darasa la tatu. Mkuu wa maabara, Daktari, mama wa Kikenya, mlokole, akautazama ule ufagio akasema, "Mama Zuhura, huo urudishe nyumbani. Hapa utanilazia majani."

Kulaza majani ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, basi niwaeleze nyinyi vijana. Tulichuma mululuza, lile jani chungu ambalo Waganda hunywa kwa homa. Kwetu sisi, wazee wetu walitoka pwani na biashara ya vitambaa, tulilinywa kwa asali, na marehemu mama alikuwa hodari wa kulichemsha... lakini hayo yangoje. Jani likishachumwa halifi papo hapo. Daktari alinifundisha kwamba kwa saa kadhaa bado linahema. Ukililaza kwenye trei, ukalitia ndani ya sanduku la taa za zambarau, mwanga ule mkali unaliudhi, nalo linajikinga kwa kuongeza uchungu. Uchungu ndio dawa. Ukizidisha mwanga linaungua, ukipunguza umefanya kazi bure. Kisha tunakausha, tunasaga, na mashine ya chumba cha pili inapima dawa imeongezeka kiasi gani.

Sheria ilikuwa moja: sanduku likifungwa halifunguliwi mpaka muda uishe, kwa ajili ya macho yetu na kwa ajili ya vipimo.

Mimi nilikuwa nafungua. Si kwa ubishi. Mama alinilea nikianika dawa na mukene, wale dagaa wa ziwani pale Ggaba, na kwetu kilichoanikwa lazima kigeuzwe. Daktari akitoka tu, nafumba macho, natia mkono, nageuza yote ya trei zangu, nafunga.

Basi trei zangu zikawa zinatoa dawa nyingi kuliko zake, naye alilaza majani kwa rula. Akabadilisha taa. Akabadilisha maji ya kuoshea. Na wafadhili walioilipia maabara walikuwa wanakuja wiki iliyofuata.

"Wakiniuliza kwa nini trei mbili za shamba moja hazilingani, sina jibu," aliniambia. "Watakifunga hiki chumba, Mama Zuhura. Na watakuwa na haki."

Nikinyamaza, tunakosa kazi sote. Nikisema, nakosa mimi. Nikamwonyesha vidole vyangu, ngozi imebanduka kwa ule mwanga. "Ni mimi, Daktari. Huwa nageuza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza niliogopa. Ya pili."

Akafunika uso kwa daftari. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli, maana vipimo vya miezi vilikuwa vimeharibika. Akajifuta. "Vaa glavu. Taa inazimwa kwanza, ndipo unageuza, na safari hii naandika."

Tukageuza nusu, nusu tukaacha. Yaliyogeuzwa yakashinda kwa dawa, kumbe upande wa chini nao ulikuwa unataka mwanga wake. Wafadhili aliwaambia ukweli wote, kosa langu na jina langu, wakatuongezea muda. Toka hapo salamu yake ya asubuhi ikawa, "Umegeuza?" nami, "Nimegeuza, Daktari."

Sasa nimestaafu, mikono ina madoa. Kugeuza sijutii. Najuta kuficha, maana ile miezi ilikuwa yake.

Juzijuzi nilikwenda kumtazama Daktari kwa mwanawe. Amepooza upande mmoja na ulimi umekuwa mzito, lakini mimi namwelewa.

"Mama Zuhura," akasema, "huu upande umechoka."

Nikatia mikono chini ya mabega yake, nikamlaza taratibu kwa upande wa pili, akaelekea dirishani, jua likampata usoni.

"Nimegeuza, Daktari," nikamwambia.

Akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.