Kahawa ya Hasamba na Kahawa ya Ichenzwa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ungo, kigoda na debe la kahawa, nikaambiwa: toa mbovu, bakiza nzima. Shamba lilikuwa la Mfaransa mmoja huku kwetu Mbozi, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Nilikuwa mke wa mtu tayari. Nilizaliwa Hasamba, nikaolewa Ichenzwa, kijiji cha ng'ambo ya kijito. Mtoto wangu wa kwanza, Tusekile, nilimwacha kwa mama mkwe, nikawa natembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Vijana wengi wa leo wanaijua kahawa ikiwa imeshakuwa unga, basi nieleze kidogo. Tunda huchumwa likiwa jekundu, hupitishwa kwenye mashine ya kumenya siku ileile, kisha punje zenye utelezi huvundikwa ndani ya tangi siku moja au mbili mpaka utelezi ulegee. Hapo huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juu ya vichanja. Zikikauka hubaki na ganda jembamba kama karatasi, nalo likikobolewa ndipo unapata kahawa safi, ya rangi ya kijani. Sisi wanawake tulikuwa mwisho wa safari hiyo. Tulichambua: iliyotobolewa na mdudu pembeni, iliyovunjika pembeni, nyeusi pembeni.

Wiki ya pili mnyapara alinisimamia kichwani. "Rahel, mbona unatupa nzima?"

Nikamwambia zile punje zinanuka.

"Umeajiriwa macho, hukuajiriwa pua," akasema, akazikusanya ili azirudishe kwenye gunia. Bwana Mfaransa alikuwa anapita. Alizichukua mkononi, akaivunja moja kwa meno, akainusa. Punje hiyo kwa nje ilikuwa safi kabisa. Ndani ilikuwa imeoza kimya kimya, na moja kama hiyo inatosha kuharibu birika zima.

"Huyu mama aje ofisini kesho," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuonja, ambayo niliifanya kwa miaka karibu ishirini. Kuonja si kunywa. Unakaanga kidogo, unasaga, unaweka kipimo kilekile katika kila kikombe, unamimina maji ya moto na kusubiri unga upande juu. Unaupasua kwa kijiko huku pua iko karibu, kwa sababu harufu ya kwanza ndiyo yenye habari nyingi. Ukishaondoa povu, unachota kijiko na kuivuta kwa kelele, kelele ambayo kwayo mama yangu angenipiga kofi, ili kahawa itawanyike kinywani kote. Unatema. Unaandika. Unaenda kikombe kingine. Uchachu ulio mzuri unafanana na wa limau. Mbaya unafanana na wa togwa lililolala. Uzito wa kahawa ni vile inavyokaa ulimini, kama maji au kama uji mwepesi.

Bwana Mfaransa hakuzaliwa katika kahawa. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu huko kwao, na vijiji alivyovitaja kila siku vilikuwa viwili, mimi nikivisikia kama Pomari na Volne. Alivichora mezani kwa kidole kilicholowa. Hapa Pomari, hapa Volne, katikati njia ya mkokoteni. Zabibu ni ileile nyeusi, jua ni lilelile, mvua ileile.

"Lakini divai ya Pomari inakushika mdomo," alisema, akikunja ngumi. "Udongo wake ni mwekundu, una chuma, mzito. Lazima uiweke miaka. Ya Volne ni nyepesi, ina harufu ya maua, maana udongo wake una mawe ya chokaa. Mtoto wa kwetu anafungwa macho, anaonjeshwa, anakwambia kijiji. Udongo hausemi uongo, Mama Tusekile."

Alikuwa na chupa mbili zilizobaki, moja ya kila kijiji. Siku ambayo habari zilikuja kwamba Wajerumani wameingia katika mji mkuu wa nchi yake, alizifungua zote asubuhi, kwenye meza yetu ya kazi. Hakulewa. Alinimiminia kidogo kidogo katika vikombe vya kuonjea, akageuka dirishani ili asinione nikichagua. Nilionja, nikatema. Kimoja kilinikausha ufizi kama ndizi mbichi. Cha pili kilipita laini na kuacha harufu puani.

"Hii ya kwanza ni Pomari," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa tu, akatoka nje, na siku ile hakurudi ofisini. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa aliniita, kwa kuwa mtu alishampelekea habari kwamba Rahel anakunywa divai na Mzungu. Nilimweleza kwamba niliitema. Akafikiri, akauliza, "Yote?" Nikajibu yote. Nikasamehewa, lakini kwa mwezi mzima alinitazama sana wakati wa meza ya Bwana.

Baada ya vita shamba liliuzwa. Wakati huo wananchi wenyewe walikuwa wamepanda kahawa zao, na kampuni moja ilifungua kituo cha kununulia karibu na Vwawa. Mkuu wake alikuwa Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Mnunuzi. Bwana Mfaransa aliajiriwa kama mwonjaji mkuu, nami akanichukua kuwa msaidizi. Tulikuwa tunaonja kahawa ya kila kijiji peke yake, na kwa neno letu kijiji kilipangiwa daraja la kwanza, la pili au la tatu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kahawa ya Hasamba ilikuwa ya kwanza tangu mwanzo, yenye uchachu safi na mwepesi. Ya Ichenzwa ilikuwa nzito na nzuri katika misimu ya mwanzo, halafu ikaanza kuharibika. Msimu mmoja nilikuta ladha ya uozo katika kikombe kimoja kati ya kumi. Msimu uliofuata vilikuwa vitatu. Niliandika nilichokionja, kama nilivyofundishwa. Bwana Mfaransa akatoa hukumu: Ichenzwa iko bondeni, udongo wake ni mweusi na unashika maji, mizizi imeshafika kwenye tope. Udongo hausemi uongo. Nami niliitikia. Hilo silifichi. Nilikuwa na mashaka, lakini aliyekuwa akisema ndiye aliyenifundisha ulimi wangu.

Bwana Mnunuzi akatangaza kwamba kuanzia msimu ujao kituo hakitapokea tena kahawa ya Ichenzwa, na akawashauri watu wang'oe mikahawa walime ulezi na mahindi.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Ni kweli?" nikamjibu ndivyo ilivyoonekana. Mama mkwe ndiye aliyesema, huku akipepeta: "Mkamwana, sisi ardhi hii inatulisha tangu babu zetu. Imeoza lini?"

Swali hilo lilinikaa akilini. Ardhi haiozi kwa misimu miwili. Na tena uozo ule haukuwa katika vikombe vyote. Kama ni udongo, kwa nini kikombe hiki kiwe kizima na jirani yake kinuke, na vyote vimetoka gunia moja? Nilikumbuka punje zangu za ungoni.

Nilikwenda kwenye mashine ya kumenyea ya kijiji. Hasamba walikuwa na tangi la saruji. Ichenzwa walikuwa bado na tangi la mbao, la zamani. Lilikuwa tupu na limeoshwa, ukilitazama halina kosa. Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikapitisha kijiti katika nyufa za mbao. Zikatoka punje za msimu uliopita, nyeusi, laini kama dagaa walioharibika. Zilikuwa zimejaa katika kila ufa. Kila kahawa mpya iliyovundikwa humo ililala na maiti.

Kesho yake nilimweleza Bwana Mfaransa. Hakupenda.

"Umeolewa Ichenzwa," alisema.

"Ndiyo, bwana. Na nimezaliwa Hasamba."

"Bwana Mnunuzi atasema unasemea ukoo."

"Basi asinisikilize mimi. Asikilize kikombe." Kisha nikamuuliza neno nililokuwa nimelala nalo: "Baba yako, huko kwenu, mapipa aliyafanyaje kabla ya kutia divai mpya?"

"Aliyasugua," alisema. "Akayafukiza kwa salfa. Kila mwaka. Pipa moja likimponyoka, divai yake tuliwapa nguruwe." Akavua miwani. "Na hatukuwahi kusema udongo umeoza."

Tulikubaliana hivi. Kwa kuwa mavuno yalikuwa hayajaisha, nilichuma mwenyewe matunda mekundu katika mashamba matano ya Ichenzwa. Tuliyamenya kwa mkono, tukavundika katika beseni jipya, tukaosha kwa maji ya chemchemi na kuanika kwangu. Ilipokauka na kukobolewa, Bwana Mfaransa alipanga vikombe kumi na viwili mbele ya Bwana Mnunuzi bila majina. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi nje, nikiwasikia wakivuta na kutema, kuvuta na kutema, na nikajua kwa mlio kwamba Bwana Mnunuzi amerudia kikombe kimoja mara tatu.

Mlango ukafunguliwa. "Hii ya saba ni ya wapi?" Bwana Mnunuzi aliniuliza.

Mfaransa ndiye aliyejibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na karatasi. "Ni Ichenzwa. Na ya tatu, na ya kumi." Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili na makarani wasikie, "Nilikosea. Mama huyu hakukosea."

Bwana Mnunuzi hakuwa mtu wa maneno. Alisema tangi la mbao livunjwe, lijengwe la saruji, na kituo kitapokea. Nilitoka pale mbio. Sikungoja hata kuaga.

Lazima nieleze desturi moja. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mwana hazungumzi ana kwa ana na baba mkwe. Hamwiti, hamtazami usoni, wakikutana njiani mwanamke ndiye anayepisha. Tulikuwa Wakristo, lakini hili halikuwa limetoka. Neno lolote kwenda kwake lilipitia kwa mama mkwe.

Nilipopanda kilima kinacholitazama bonde letu nilimwona baba mkwe shambani, akiwa na jembe na shoka. Mikahawa ilikuwa imelala chini kwa safu, mizizi juu, na matunda mabichi bado yako matawini. Alikuwa amefika katikati ya safu ya tatu. Sauti yangu ingemfikia. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Nikakimbilia nyumbani, mama mkwe hayupo. Nikaenda kisimani, hayupo. Nikampata kwa jirani, tukarudi naye akitangulia kwa kuita, "Acha! Baba Ambakisye, acha!" Ambakisye ndiye mume wangu. Safu ya nne ilikuwa imeshaanza.

Mzee alisimama, akasikiliza habari kutoka kwa mkewe, akautazama mkahawa ule wa mwisho aliokuwa ameushika shina. Akauacha. Akafuta jembe kwa majani, akaenda zake.

Tangi la saruji lilijengwa kabla ya msimu, watu wakibeba mchanga kwa vikapu. Kahawa ya Ichenzwa ikarudi, nzito, ya kukaa ulimini, haifanani na ya Hasamba hata kidogo. Kwa hiyo Bwana Mfaransa hakuwa amekosea yote: udongo unasema. Ila husikii unachosema mpaka chombo kiwe safi. Alirudi kwao miaka miwili baadaye, macho yakiwa yamepungua nguvu, na nafasi yake nikapewa mimi, ingawa kwenye karatasi niliandikwa msaidizi mpaka mwisho.

Msimu mmoja nilipelekwa Tunduma, kwenye ghala la mpakani, kuwaonjesha wafanyabiashara wa upande wa pili. Wao walizoea chai. "Mulishani, mayo," walinisalimia kwa Kibemba, wakanywa kahawa yangu bila sukari, na nyuso zao zikaniambia yote. Biashara ile haikufika popote. Nilijifunza maneno machache ya Kibemba na kula samaki wazuri, nikarudi Vwawa.

Niliacha kazi bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu, kwa sababu pua ilianza kunidanganya. Nilikuta nimeandika vikombe viwili vilivyo sawa kwa maneno tofauti, nikaomba kuondoka siku hiyohiyo. Kwa anayetaka kazi hii leo, ushauri wangu ni mdogo. Ulimi hufundishika. Kigumu ni kumwambia mwalimu wako kwamba kikombe kimesema vingine, na kumwambia mapema. Mimi nilichelewa msimu mmoja, na kuchelewa huko nilikuona kwa macho, kumelala shambani kwa safu.

Mahali palipong'olewa, baba mkwe hakupanda kahawa tena. Alilima ulezi. Mama mkwe alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia mzee, nikiacha chakula mlangoni na kuondoka. Hapakuwa tena na mtu wa katikati. Siku moja niliweka sahani, nikasimama upande wa pili wa mlango, nikasema ukutani kwamba ile mikahawa inaniuma, kwamba ningeweza kuita na sikuita.

Nilisikia akisogeza kigoda.

"Nilikuona ukipanda kilima," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikielekezwa kwangu, na nilikuwa na wajukuu. "Nilikuona umesimama. Nikajua una neno. Ningeweza kuuliza, na mimi sikuuliza." Akausukuma mlango. "Ingia, mwanangu. Chakula kinapoa."

Nikaingia.