Barua Niliyomsomea Nakiru

Katika miaka ya sabini nilikuwa tarishi wa ofisi ya chifu hapa Kakuma. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini majirani waliniita karani, nami sikuwakataza.

Siku moja Nakiru, jirani yangu, aliniletea barua ya Kiingereza kutoka hospitali ya Lodwar, alikolazwa mumewe Ekai.

"Karani, nisomee. Yuko hai?"

Niliweza kusoma jina la Ekai na tarehe. Katikati palikuwa na kitenzi kimoja, "discharged". Nilikuwa nimekiona mahali pamoja tu: kwenye karatasi niliyopewa hospitalini baba yangu alipofariki, mwezi uliotangulia. Tarehe iliyoandikwa mbele ya neno hilo ilikuwa siku ya kifo cha baba. Karatasi hiyo bado nilitembea nayo mfukoni. Kwa hiyo sikumuuliza mtu, niliona najua.

"Pole, dada," nilimwambia. "Ametutoka."

Nakiru alivua shanga zote shingoni, akanyolewa kichwa kama ilivyo desturi yetu. Mimi, ambaye nywele zangu ndiyo kwanza zilianza kuota tena, nililia kuliko wote.

Siku ya tatu lori la kutoka Lodwar lilisimama karibu na duka, hatua chache kutoka tulipokaa matanga. Ekai akashuka, amenenepa.

"Ejok!" alitusalimu. "Mbona mmenyoa? Nani amekufa?" aliuliza. "Daktari ameniruhusu nirudi nyumbani. Kwani hamkupata barua?"

Nakiru alipapasa upara wake, akanigeukia.

"Tuliipata," alisema. "Karani akatusomea."